Mlevi aliyelala asiachwe peke yake

NDERA ni sehemu ya Wilaya ya Gasabo, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, nchini Rwanda. Ni nchi ya vilima na migomba kama zilivyo sehemu nyingi za Rwanda. Hata hivyo, Mnyarwanda anapolisikia jina hilo hafikirii vilima wala migomba. Hufikiria hospitali. Huko ndiko iliko hospitali kubwa ya magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu, iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo, shirika la kitawa lililozaliwa Ubelgiji, na kuanza kupokea wagonjwa mwaka 1972. Jina la mahali limegeuka kuwa jina la ugonjwa, kama vile Mirembe ilivyo kwa Mtanzania, Mathari kwa Mkenya na Butabika kwa Mganda. Kumwambia mtu kwamba anafaa kupelekwa Ndera ni tusi.

Katika wagonjwa wanaopokewa hapo wamo walioletwa na chupa. Wapo waliotetemeka mpaka wakashindwa kushika kikombe, wapo waliopiga kelele usiku kucha wakifukuza wadudu wasioonekana na mtu mwingine, na wapo waliosahau majina ya watoto wao. Wengi wao, kabla ya kufikishwa huko, walipita katika nyumba ambamo mke, mama au mdogo wao aliwatazama wakiwa wamelala hawajitambui, akasema: mwacheni alale, asubuhi atakuwa mzima.

Neno hilo ndilo linalostahili kuchunguzwa katika kila nyumba. Mara nyingi ni kweli kwamba asubuhi mlevi huamka. Lakini kuna usiku ambao si kweli, na mtu wa nyumbani hana mizani ya kuutambua usiku huo asipofundishwa dalili zake.

POMBE HAIISHI MWILINI KWA USINGIZI

Kilevi kilichomo katika bia, katika urwagwa wa ndizi, katika ikigage ya mtama, katika mvinyo na katika pombe kali ni kimoja, nacho huitwa ethanoli. Tofauti ni wingi wake tu. Ini ndilo lenye kazi ya kuivunja, na ini halina haraka. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, kama zile zinazouzwa katika baa za Kigali, huchukua takriban saa tatu au zaidi kabla haijamalizika. Kwa hiyo mtu aliyekunywa chupa tatu jioni, alfajiri bado anayo pombe mwilini, hata kama amelala fofofo. Kahawa haiondoi. Maji baridi hayaondoi. Kumtembeza uani akiegemea mabega ya vijana wawili hakuondoi, bali humwongezea hatari ya kuanguka.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba pombe huendelea kupanda katika damu hata baada ya mtu kuacha kunywa. Iliyo tumboni bado inaingia. Yule aliyeshindana na wenzake kumaliza nusu chupa ya pombe kali, akafika nyumbani akicheka na kuimba, aweza kuwa na sumu nyingi zaidi nusu saa baadaye akiwa kitandani kuliko alipokuwa akiimba mlangoni. Familia humwona amenyamaza, nayo hushukuru kwamba sasa ametulia.

Sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi nayo hulewa. Pumzi hupungua, huja kwa vipindi, na baadhi ya watu hukoroma kwa sauti nzito ambayo wenyeji wa nyumba huichukulia kuwa usingizi mtamu. Mwili hupoa. Midomo na kucha huwa na rangi ya samawati au kijivu. Ile kinga ya koo inayomfanya mtu akohoe anapopaliwa huzimika, hivyo mtu aliyelala chali akitapika, matapishi huingia katika mapafu. Wengi wanaosemwa kuwa wamekufa kwa pombe hawakuuawa na ini wala na moyo, bali na matapishi yao wenyewe, hali watu wa kuwageuza ubavu walikuwa chumba cha pili.

Ugeuzaji huo si kazi ya daktari. Mlevi asiyejitambua alazwe ubavu, mkono wa chini unyooshwe mbele, goti la juu likunjwe ili asirudi chali wala kifudifudi, kichwa kiinamishwe kidogo ili kitokacho mdomoni kimwagike nje. Afunikwe blanketi. Asipewe kitu chochote kinywani, wala maziwa, wala maji ya chumvi, wala asitiwe vidole kooni ili atapike. Kisha mtu mmoja akae naye. Akiitwa kwa nguvu na kufinywa asishtuke, au pumzi ikipita sekunde kumi kabla ya nyingine kufuata, au akipata degedege, huyo si mlevi tena bali ni mgonjwa, na gari liitwe. Nchini Rwanda simu ya gari la wagonjwa ni 912.

Watoto wana hatari ya pekee. Asubuhi ya baada ya harusi au ubatizo, bilauri zilizobakia na kinywaji hukaa mezani wakati wakubwa wamelala. Mtoto wa miaka mitatu huamka mapema. Kiasi kidogo cha pombe chaweza kuishusha sukari katika damu yake mpaka apate degedege na kuzimia, na nyumba nzima ikadhani ni malaria. Mama mwenye nyumba hufanya vema kuzimwaga bilauri hizo usiku uleule, hata kama miguu inamuuma.

SUMU YENYE SURA YA POMBE

Hayo yote ni ya pombe ya kweli. Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililoitia hofu Rwanda katika Krismasi ya mwaka 2021. Wakati wa sikukuu hiyo, watu wa Wilaya ya Bugesera na wa Wilaya ya Gasabo, wilaya ambayo Ndera imo ndani yake, walikunywa kinywaji kilichoitwa Umuneza, jina lililo karibu sana na neno la Kinyarwanda la furaha. Watu wasiopungua 11 walikufa. Wengine walilazwa hospitalini, na miongoni mwao walikuwamo waliopoteza nguvu ya macho. Vyombo vya upelelezi viliwakamata watuhumiwa, na uchunguzi ulionyesha kwamba ndani ya kinywaji kile mlikuwa na methanoli.

Methanoli ni ndugu wa ethanoli kwa sura, si kwa tabia. Hutumika viwandani katika kuyeyushia rangi, katika gundi na katika mafuta ya kuendeshea mitambo. Ni maji meupe, hunukia kama pombe, huwaka kama pombe, na humlewesha mtu kidogo kama pombe. Mnywaji hawezi kuitambua kwa ulimi. Ile desturi ya kumimina tone katika kijiko na kuliwasha ili kutazama rangi ya moto haiaminiki, kwani mara nyingi sumu huwa imechanganywa na pombe ya kweli, na moto wa pombe huufunika moto wa sumu.

Wako wanaosema kwamba methanoli hutokana na mpishi asiyejua kazi. Ni kweli kwamba matunda yanapochacha hutoa methanoli kidogo, na ndizi zimo. Lakini kidogo hicho, kikiwa pamoja na ethanoli nyingi, si kinachoua ukumbi mzima kwa siku moja. Vifo vya makumi ya watu aghalabu hutokea pale ambapo mtu amenunua pipa la kiwandani kwa bei ndogo na kulimimina katika kinywaji ili kukiongezea ukali. Huo ni uchoyo wa biashara, na kuuita bahati mbaya ya mpishi ni kumwonea huruma asiyestahili.

Afrika Mashariki imeyaona haya mara nyingi. Mwezi Novemba mwaka 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru mjini Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa sababu bilauri yake iliuzwa shilingi 10, iliua zaidi ya watu 100 na kuwaacha wengine vipofu. Mwezi Aprili mwaka 2010 waragi yenye methanoli iliua zaidi ya watu 80 huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Rwanda. Mwezi Mei mwaka 2014 ikawa zamu ya kaunti kadhaa za Kenya kwa wakati mmoja, Embu na Kiambu zikiwamo, na Februari mwaka 2024 watu 17 walikufa katika Kaunti ya Kirinyaga. Katika kila tukio waliokufa walikuwa aghalabu wanaume wa kipato kidogo, walionunua kilichokuwa rahisi.

SAA ZINAZODANGANYA

Ubaya mkubwa wa methanoli ni subira yake. Yenyewe, ikiwa bado methanoli, haina madhara makubwa. Ini ndilo linaloigeuza, kwanza kuwa formaldehaidi, kisha kuwa asidi ya fomiki, ambayo ni ileile iliyomo katika sumu ya baadhi ya sisimizi. Asidi hiyo huzuia chembe za mwili kutumia hewa ya oksijeni, na chembe zinazoihitaji hewa hiyo kuliko nyingine ni za mshipa unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo.

Ugeuzaji huo huchukua muda. Mnywaji hulala, huamka na kichwa kizito, hudhani ni uchovu wa kawaida wa jana. Dalili zenyewe aghalabu huja kati ya saa 12 na saa 24 baada ya kunywa, na wakati mwingine zaidi: kichwa kuuma kwa nguvu, tumbo kusokota, kutapika, kisha pumzi ya haraka na ya kina kama ya mtu aliyetoka kupanda mlima. Halafu macho. Wengine husema wanaona ukungu, wengine husema kila kitu kimekuwa cheupe kama mtu aliyetazama jua. Mtu anayelalamika mchana kwamba taa haikuwashwa hana dakika za kungoja.

Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Wanywaji wana desturi ya kuzimua, yaani kunywa tena asubuhi ili kuondoa maumivu ya jana. Mtu mwenye methanoli mwilini akizimua kwa bia ya kweli, kweli hupata nafuu. Sababu ni kwamba ini hupenda ethanoli kuliko methanoli. Likipewa zote mbili hushughulikia kwanza ile njema na kuiacha ile mbaya ikisubiri. Basi mnywaji hujisifu kwamba dawa ya moto ni moto, kumbe sumu yote imekaa palepale, na bia ikiisha itaanza kazi yake. Kwa njia hiyo mtu aweza kuugua siku ya pili au ya tatu, wakati ambapo hakuna anayekumbuka alikunywa nini wala kwa nani.

Madaktari hutumia tabia hiyohiyo ya ini kwa faida ya mgonjwa. Hospitalini humpa ethanoli kwa kipimo, saa baada ya saa, au dawa iitwayo fomepizoli, ambayo hulifunga ini lisiigeuze methanoli kabisa; dawa hiyo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2013. Humpa pia magadi ya hospitali kupunguza asidi katika damu, na aliyezidiwa huunganishwa na mashine ya kusafisha damu, ileile inayotumiwa kwa wagonjwa wa figo. Kutokana na habari hizo isije nyumba yoyote ikaanza kumnywesha mgonjwa pombe kama tiba. Kipimo kikikosewa huongeza sumu ya pili juu ya ya kwanza, na mtu asiyejitambua akimiminiwa kitu kinywani hupaliwa.

Kiasi kinachotosha kudhuru ni kidogo mno. Mililita 10 za methanoli tupu, yaani vijiko viwili vya chai, zimewahi kupofusha, na mililita 30 zimewahi kuua. Kwa hiyo hoja ya kwamba alionja tu haina uzito wowote.

Kinachomsaidia daktari kuliko maelezo marefu ni chupa yenyewe. Ipelekwe pamoja na mgonjwa hata kama imebaki tone. Ielezwe saa aliyokunywa, na watajwe waliokunywa naye, kwa kuwa wao nao huenda wamelala majumbani mwao wakisubiri zamu. Katika matukio mengi waliookolewa ni wale ambao jirani alikwenda kuwagongea mlango wakiwa bado wanajisikia wazima.

Kuna kikwazo, nacho ni hofu. Kanyanga, pombe ya kienyeji iliyokenekwa, imewekwa na sheria ya Rwanda katika kundi la dawa za kulevya, na anayeipika au kuiuza hushitakiwa. Gongo nchini Tanzania nayo ina historia ndefu ya kukimbizana na polisi. Kwa hiyo mke huogopa kusema mumewe alikunywa nini. Muuzaji huogopa zaidi, na huenda huyo muuzaji ni shangazi yake. Hapo ndipo saa zinapotea. Ikumbukwe kwamba Umuneza haikuwa kanyanga ya vichakani. Watu waliinunua dukani ikiwa na jina lake, na hawakuwa na sababu ya kuiogopa.

BAADA YA USIKU ULE

Sumu ya usiku ule haitibiwi Ndera. Hutibiwa katika hospitali zenye wagonjwa mahututi na mashine za kusafisha damu, kama ile ya Chuo Kikuu iliyo katikati ya Kigali. Ndera hupokea kinachobaki.

Aliyepona methanoli aweza kubaki na alama katika ubongo, hasa katika vile viini vya ndani vinavyoongoza mwendo. Mikono hutetemeka, miguu huburura, uso hukosa mabadiliko, na watu humdhania ana kiburi. Huyo ni mgonjwa wa mishipa ya fahamu, na hospitali ya Ndera ina kazi hiyo pia, si ya akili peke yake, jambo ambalo wengi nje ya Kigali hawalijui. Kifafa nacho hutibiwa huko.

Walio wengi zaidi ni wale wa pombe ya kweli, ya kila siku, kwa miaka. Kwao hatari kubwa huweza kuja si siku ya kunywa bali siku ya kuacha. Mtu aliyezoea kunywa tangu asubuhi akikosa ghafla, kwa ugonjwa, kwa kifungo, au kwa kuapa mbele ya wazee, huanza kutetemeka na kutokwa na jasho ndani ya siku moja. Siku ya kwanza au ya pili aweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa: huona panya ukutani, husikia watu wakimwita, homa hupanda, moyo hukimbia. Jamaa husema amerogwa, au kwamba mashetani yamekasirika kuachwa bila kinywaji, na hupelekwa kwa mganga. Hali hii huua isipotibiwa, ilhali hospitalini hutulizwa kwa dawa za siku chache. Kwa hiyo familia inayomshurutisha mzee wake aache leo hii hufanya jambo jema kwa njia ya hatari. Aache, lakini aache akiwa mikononi mwa mganga wa hospitali. Mshauri wa afya wa kijiji, ambaye kila kijiji cha Rwanda kinaye, ndiye wa kuanzwa.

Kuna ukosefu mwingine unaotokana na kunywa bila kula, nao ni wa vitamini B1. Mgonjwa huyumba hata akiwa hajanywa, macho huchezacheza, na fikra huvurugika. Akipewa vitamini hiyo mapema kwa sindano hurudi katika hali yake, na mara nyingi hurudi upesi kiasi cha kuwashangaza jamaa. Akicheleweshwa, kumbukumbu hupotea moja kwa moja. Huyo ndiye anayemwambia mgeni kwamba jana alikuwa Gisenyi kumtembelea kaka yake, na kumbe hajatoka kitandani kwa mwezi mzima. Hasemi uongo. Ubongo hujaza mashimo kwa chochote unachokiokota.

Watu wa namna hiyo ndio waliolipa jina la Ndera sura inayotisha, na tisho hilo huzaa ucheleweshaji mwingine: familia humficha mgonjwa wake chumbani ili asipewe jina hilo, hata muda wa vitamini na dawa unapita. Jina lenyewe limebeba mzigo mwingine usio wake. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 watu waliokimbilia katika hospitali hiyo waliuawa humohumo, na baadaye wagonjwa waliopokelewa hapo wakawa wengi wao ni wenye majeraha ya nafsi ya miezi ile. Katika hao wamo waliokuwa wakinywa ili walale. Kwa ajili ya walevi na watumiao dawa za kulevya hospitali ilifungua pia kituo cha pekee huko Kicukiro, kiitwacho Icyizere, yaani tumaini, na baadhi ya familia huona ni rahisi kulitamka jina hilo mbele ya majirani.

Macho yaliyokufa kwa methanoli kwa kawaida hayafufuki. Baadhi hurudisha nuru kidogo katika majuma ya kwanza, kisha hali hubaki hivyo. Fundi seremala wa miaka 30 hujikuta akiongozwa na mtoto wake kwenda msalani, na nyumba hugawana upya kazi zote. Hata hivyo Umoja wa Vipofu wa Rwanda una kituo huko Masaka, pembezoni mwa jiji, ambako watu waliopofuka wakiwa wakubwa hufundishwa kutembea kwa fimbo nyeupe, kusoma kwa vidole, kupika bila kuungua, na kulima shamba dogo kwa kupapasa mstari wa kamba.